Risiti Nyeupe za Baba

Dada yangu alikuja kunitembelea akalala kwenye kochi. Chumba cha wageni ninacho, tena kina kitanda kikubwa na dirisha linalopokea jua la asubuhi, ila kitanda chenyewe kilikuwa hakionekani. Juu yake yalikaa maboksi manne ya Baba, sanduku la bati la Mama, feni iliyoungua, gitaa lililokatika nyuzi mbili, na mifuko ambayo hata mimi nilikuwa nimesahau ina nini. Dada hakulalamika. Alitandika shuka kwenye kochi, akakunja miguu kwa kuwa kochi ni fupi, akaniambia nizime taa. Asubuhi, akiwa bado anajinyoosha mgongo, ndipo aliponiuliza: "Mdogo wangu, hivi kile chumba unamtunzia nani?"

Nilijibu kwamba vile ni vitu vya wazazi.

"Wazazi wepi? Wazazi wetu hawapo."

Aliyasema kwa upole, lakini siku nzima maneno hayo hayakuniondoka. Mama ametutoka miaka kumi na sita sasa, Baba miaka sita. Baba alipofariki, nyumba aliyokuwa amepanga ilitakiwa irudishwe kwa mwenyewe ndani ya mwezi mmoja, na nani katika mwezi wa msiba ana moyo wa kukaa chini achambue soksi na barua? Tulitia kila kitu kwenye maboksi, tukafunga kwa gundi ya karatasi, nikasema nitaviweka kwangu kwa muda. Huo muda ndio umekuwa miaka sita. Na boksi la kwanza likishaingia chumbani, la pili halioni haya. Vitu vyangu navyo vilifuata: simu zilizokufa, nyaya zisizo na kifaa, nguo zilizonibana, vitabu vya kozi niliyoiacha katikati. Haba na haba, na safari hii kibaba kilichojaa kilikuwa chumba kizima.

Nilimpeleka Dada akione vizuri. Nikawa namtembeza kama mtu anayeonyesha nyumba ya kupanga, na nikajisikia ninavyosema: hiki bado, kile nitakishughulikia, hicho nasubiri nipate nafasi, lile sijui. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Darby Saxbe na Rena Repetti, walichapisha utafiti uliofanywa kwa namna inayofanana na hiyo: wanandoa walitembea ndani ya nyumba zao wakizieleza, na maneno waliyotumia yakachambuliwa. Wanawake waliozieleza nyumba zao kwa maneno ya msongamano na kazi zisizokwisha ndio ambao homoni ya kotisoli, ile inayopanda mwili ukiwa kwenye mkazo, haikushuka kuelekea jioni kama inavyotakiwa kushuka. Sikuhitaji kupimwa. Kila nilipopita mbele ya mlango ule kwa miaka sita nilikuwa naufunga vizuri zaidi, hata kama ulikuwa umefungwa tayari.

Niseme pia kwamba nilikuwa na hofu nyingine. Nilishasoma kuhusu maradhi ya kulimbikiza vitu, ambayo Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyatambua kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013. Dalili yake kubwa ni mtu kushindwa kuachana na vitu, viwe na thamani au visiwe nayo, hadi vyumba vinashindwa kufanya kazi vilivyojengewa: jiko halipikiki, kitanda hakilaliki. Kitanda changu cha wageni kilikuwa hakilaliki. Nilimwambia Dada hofu hiyo. Akasema, "Wewe huna ugonjwa. Wewe una msiba ambao hukuumaliza." Kama wewe unayesoma nyumba yako yote imefikia hali hiyo na unateseka, tafadhali zungumza na mtaalamu, maana hilo lina msaada wake na halihusiani na uvivu. Kwangu mimi lilikuwa chumba kimoja, na Dada aliongeza siku zake za kukaa.

Tulianza na boksi lililoandikwa MUHIMU kwa mwandiko wa Baba, herufi zote kubwa. Ndani yake kulikuwa na mafaili. Baba alikuwa mtu wa risiti. Akinunua balbu anaomba risiti, akilipa maji anaomba risiti, na akipewa isiyo na tarehe anairudisha ikaandikwe upya huku watu nyuma yake kwenye foleni wakiguna. Mali bila daftari huisha bila habari, alituambia hivyo tangu hatujajua kusoma. Kila mwaka ulikuwa na faili lake, na ndani ya faili kila risiti ilikaa kwenye mfuko wake wa plastiki angavu, zimepangwa kwa mwezi.

Nikafungua faili la mwaka wake wa mwisho. Risiti zilikuwa nyeupe. Nilidhani nimezishika kinyume, nikazigeuza. Nyeupe mbele, nyeupe nyuma. Nikazisogeza dirishani. Kwenye moja kulibaki kivuli cha mstari, kama kovu la zamani. Nyingine hazikuwa na chochote. Nikafungua faili la mwaka uliotangulia, na uliotangulia huo, na yote yalikuwa hivyo hivyo: mamia ya vipande vya karatasi tupu, vimepangwa kwa uangalifu mkubwa, kila kimoja kwenye mfuko wake.

Risiti za siku hizi hazina wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali zinazogeuka nyeusi zikiguswa na joto, na mashine ya kaunta inachofanya ni kuichoma kidogo kidogo kwa umbo la herufi. Alama hizo hufifia kwa mwanga, kwa joto, kwa miaka. Na kuna jambo lililoniuma zaidi nilipolijua: plastiki laini za aina fulani hutoa kemikali zinazoharakisha kufifia huko. Mifuko ile ambayo Baba aliinunua ili kuzilinda risiti zake, huenda ndiyo iliyozifuta.

Lakini chini kabisa ya boksi kulikuwa na faili la zamani, la enzi za risiti za kuandikwa kwa mkono, na zile zilisomeka zote. Mojawapo ilikuwa nakala iliyopitia karatasi ya kaboni, maandishi ya buluu yaliyotawanyika kidogo pembeni: cherehani moja, tarehe, sahihi ya muuzaji, na kwenye nafasi ya mnunuzi, jina la Mama. Baba ndiye aliyelipa, tunajua. Ila aliandikisha jina la Mama.

"Hii inabaki," akasema Dada. "Nyeupe zitupwe."

Nikashindwa. Nilizishika risiti tupu mkononi, karatasi ambazo hazikuwa na hata tarakimu moja, na mkono haukufunguka. Wachumi na wanasaikolojia wana maelezo ya nusu ya hali hiyo. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha jaribio ambalo nusu ya wanafunzi walipewa vikombe vya kawaida na nusu nyingine hawakupewa. Waliopewa, waliovimiliki vikombe hivyo kwa dakika chache tu, walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kutoa. Kitu kikishakuwa chako, kukitoa kunauma kuliko kukipata kulivyokupendeza. Ikiwa kikombe cha dakika chache kinamfanya mtu hivyo, sembuse karatasi iliyopitia vidole vya baba yako.

Ila nusu ya pili ya maelezo nilikuwa nayo mimi, na Dada alikuwa hajaijua.

Siku ya pili, akipekua sanduku la bati, aliuliza, "Daftari la vipimo liko wapi?" Mama alikuwa mshonaji. Aliwashonea watu, na akatushonea sisi, na vipimo vyetu aliviandika kwenye daftari lenye jalada gumu la kijani: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, kila mmoja na ukurasa wake, mwaka baada ya mwaka. Ukilifungua ungeweza kuwaona watoto wanakua kwa tarakimu tu. "Lilikuwa humu," alisema Dada. "Nililiweka mimi mwenyewe, chini ya vitambaa."

Mwaka mmoja kabla, nilikuwa nimejaribu kukisafisha chumba kile peke yangu. Nilichoka nacho, Jumamosi moja nikaamka na hasira, nikaamua kufanya kama wanavyoshauri wengi: haraka, bila kufikiri sana, kama hujakigusa mwaka mzima kitoke. Nilijaza mifuko mitatu mikubwa. Kwenye sanduku la Mama nilitoa rundo la madaftari ya zamani bila kuyafungua, nikiamini ni ya shule. Gari la taka lilipita Jumatatu. Nilijivunia, hata nikapiga picha ya sakafu iliyoonekana. Ilikuwa wiki ya pili yake ndipo nilipokumbuka rangi ya kijani kwenye rundo lile.

Nilimweleza Dada yote hayo nikiwa nimesimama mlangoni. Alifunga kifuniko cha sanduku. Akatoka nje, akakaa kibarazani peke yake mpaka giza likaingia, na mimi nikawa nazunguka sebuleni bila kujua niende au nisiende. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakunisema. Alikaa, akaniambia, "Lete karatasi uandike." Akaanza kunitajia alichokumbuka: kwamba Mama alipokupima bega alikuwa anakugonga kidogo kwa ncha ya kidole, akitaka usimame wima. Kwamba utepe wake ulikuwa umefutika tarakimu mwanzoni, kwa hiyo alikuwa anapima kuanzia kumi na kisha kutoa kumi kichwani. Kwamba penseli aliiweka kwenye nywele. Kwamba mwaka nilipougua, ukurasa wangu ulikuwa na vipimo vilivyopungua badala ya kuongezeka, na Mama aliwahi kuuchana ukurasa huo kisha akaubandika tena. Hilo sikuwahi kulijua. Nilikuwa nimeishi na daftari lile ndani ya nyumba yangu miaka mitano bila kulifungua, na nimekuja kujua kilichokuwemo baada ya kulitupa.

Naandika makala hii hasa kwa sababu ya jioni ile. Mama alikuwa na msemo wake, akiba haiozi, na chini ya msemo huo hakuna kipande cha kitambaa kilichotupwa nyumbani kwetu. Nami niliuchukua hivyo hivyo, nikadhani kuweka ni kutunza. Lakini chumba kile kilikuwa kinaoza kimyakimya. Bendi za mpira zilizofunga barua zilikuwa zimeyeyuka zikagandia bahasha. Redio kaseti ya Baba iliachwa na betri ndani, na betri zilikuwa zimevuja unga mweupe ulioila chuma ya kugusia. Picha za rangi zimegeuka wekundu, risiti zimegeuka hewa. Mimi nililifunga lile lango kwa heshima, nikiamini namtendea Baba haki, kumbe nilikuwa nimeviacha vitu vyake bila mtu. Hata kulitupa daftari la Mama kulitokana na jambo hilo hilo: kulitupa bila kulifungua na kulihifadhi bila kulifungua vilitoka kwenye woga mmoja.

Kwa hiyo tukabadilisha mwendo. Kila kitu kilichotoka kwenye boksi kilishikwa, kikasemewa, ndipo kikaamuliwa. Ilikuwa kazi ya polepole mno. Siku nyingine tulimaliza mfuko mmoja. Nilikuwa naweka simu mezani inarekodi sauti, na Dada anazungumza huku mikono yake ikikunja au kuchana. Siwezi kumshauri mtu yeyote afanye haraka tena, angalau si kwa vitu vya marehemu. Nyaya na chaja zitoe hata leo, hazina hadithi. Simu za zamani usizitupe kwenye taka za kawaida, betri zake zikipondwa au kutobolewa zinaweza kuwaka moto. Moja kati ya zangu ilikuwa imevimba mpaka kifuniko kimeachia. Zipeleke panapopokelewa taka za elektroniki. Hayo yalituchukua nusu saa. Koti la Baba lilituchukua mchana mzima.

Ni koti la kijivu, zito, kola imechakaa. Kwangu mimi ni koti la safari. Alilivaa alipokuwa anaondoka alfajiri, na nilipokuwa mdogo nililichukia kwa sababu likitoka kabatini najua hatakuwepo siku kadhaa. Nilimwambia Dada hivyo. Akashangaa. Kwake yeye lile ni koti la hospitali: Mama alipolazwa mara ya mwisho, Baba alilala kwenye kiti wodini usiku kumi na moja, na koti hilo ndilo lililokuwa blanketi lake. Dada alikuwa anapeleka nguo safi asubuhi, na kila asubuhi koti limekunjwa vizuri juu ya kiti, kama kwamba halikutumika. Mimi wakati huo nilikuwa mbali, masomoni. Nguo moja, ndugu wawili, na kila mmoja alikuwa ameshika upande wake wa koti miaka yote bila kujua kwamba upo mwingine. Ningelitoa peke yangu, ningetoa koti la safari tu.

Tulilipiga picha. Kuna utafiti wa mwaka 2017 wa Karen Winterich, Rebecca Reczek na Julie Irwin unaoonyesha kwamba watu huwa wepesi zaidi wa kutoa vitu vyenye kumbukumbu wakishavipiga picha kwanza, maana wanachohofia kupoteza ni kumbukumbu iliyomo. Lakini Linda Henkel alikuwa ameshaonyesha mwaka 2014 upande mwingine: watu waliotembea kwenye jumba la makumbusho wakipiga picha vitu vizima walivikumbuka vibaya kuliko vile walivyoviangalia tu, kana kwamba akili imeikabidhi kamera kazi yake. Waliovuta kamera karibu, wakapiga sehemu moja ya kitu, kumbukumbu yao haikuathirika hivyo. Tangu nijue hilo sipigi picha ya koti likiwa limetundikwa. Nilipiga kola, pale ilipochakaa kwa ndevu zake. Nilipiga mfuko wa ndani, ambao Mama aliushona upya kwa uzi usiolingana rangi. Kabla ya kupiga nilikuwa sijauona uzi huo.

Koti limekwenda kwa mtu anayelivaa.

Kwenye picha za albamu tulikuta tatizo jingine. Albamu zile zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu yake zilipendwa sana, na zimeharibu picha nyingi sana. Gundi hugeuka njano na kushika. Usivute picha kwa nguvu. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake taratibu, kama unayekata, itaachia. Tuliokoa nyingi hivyo, tukaziweka kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu pasipo na mwanga. Nyuma ya kila moja Dada aliandika majina kwa penseli laini, kwa maana kalamu ya wino hukandamiza na huweza kupenya mbele. Kati ya nyuso zile nilizitambua labda theluthi. Yeye alizitambua karibu zote, na kuna watu watano au sita ambao hata yeye aliwatazama kwa muda mrefu kisha akaweka picha chini. Wapo wanacheka, mmoja amembeba Baba akiwa mtoto. Waliokuwa wanawajua walikuwa hai miaka sita iliyopita, boksi likiwa limefungwa.

Sanduku la bati tuliliacha karibu na mwisho. Nilishalipekua kwa hasira mwaka uliopita, lakini sikuwa nimeinama. Safari hii niliinama, na harufu ikanipata: dawa ya nondo, mafuta ya cherehani, na kitambaa kipya, hata kama hakuna kitambaa kilichokuwa kipya humo. Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa chini ya meza, naokota pini kwa sumaku. Inaelezwa kwamba harufu ina njia yake kwenye ubongo: wakati kuona na kusikia hupitia kwanza kituo cha katikati kinachogawa taarifa, harufu huingia moja kwa moja kwenye maeneo yaliyo jirani na hisia na kumbukumbu. Nilikuwa nimelia siku ya mazishi kama watu wanavyolia. Pale kwenye sanduku nililia nikiwa na miaka saba, na Dada alinishika mgongo mpaka nilipomaliza. Vitambaa tulivigawa. Sanduku lenyewe lilibaki, liko chini ya kitanda sasa, lina shuka za wageni.

Gitaa lilikuwa langu, na halikuhusiana na msiba wowote. Nililinunua nikiwa na miaka ishirini na tano, nikapiga miezi mitatu. Kulitoa kulikuwa kugumu kwa namna ambayo sikuitegemea, kwa kuwa lile gitaa lilikuwa linamsubiri mtu niliyedhani nitakuwa. Nilimpa binti wa jirani. Ameshanunua nyuzi mpya, na jioni huwa namsikia kupitia ukutani, anarudia sauti tatu zile zile.

Mwisho zilikuja kaseti. Zilikuwa ishirini na mbili kwenye boksi la viatu, nyingi nyimbo alizorekodi redioni, majina yameandikwa pembeni kwa mwandiko ule ule wa herufi kubwa. Kaseti za namna hii, zilizoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, zina vijino viwili vidogo vya plastiki upande wa juu, kimoja kwa kila uso. Ukikivunja kijino, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena, na kilichomo hakiwezi kufutwa kwa bahati mbaya. Baba hakuwa mtu wa kuvunja vijino. Kaseti alizitumia tena na tena, alifuta wimbo akaweka wimbo. Kaseti ishirini na moja zilikuwa na vijino vyake. Moja, isiyoandikwa chochote, vilikuwa vimevunjwa vyote viwili.

Redio yake haikuweza kuicheza. Mbali na betri zilizovuja, mkanda wa mpira unaozungusha mota ulikuwa umegeuka kitu kama lami. Nilimpelekea fundi. Alisafisha, akaweka mkanda mpya, akaniomba aione kaseti kabla sijaiweka. Aliigeuza mwangani, akanionyesha kwamba kile kipande kidogo cha kitambaa kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa cha kusomea kimebanduka. Akafungua skrubu tano za kaseti nyingine mbovu na kuuhamishia utepe kwenye ganda lake. Akaniambia niupeleke mpaka mwisho na kuurudisha mwanzo mara moja kabla ya kuusikiliza, maana matabaka yaliyokaa miaka mingi hushikana, na nirekodi kwenye simu mara ya kwanza kabisa nitakapoicheza, kwa kuwa unga wa chuma uliobeba sauti ukianza kubanduka, huenda isiwepo mara ya pili. Alifanya kazi hiyo yote bila haraka, na nilipomshukuru aliniuliza tu ni ya nani.

Tuliisikiliza jioni, chumbani mle, tumekaa juu ya kitanda kilichokuwa kimetandikwa kwa mara ya kwanza. Simu ilikuwa inarekodi. Kwanza ulikuja mvumo wa utepe, mrefu, nikaanza kudhani haina kitu, kwamba nayo imegeuka nyeupe. Kisha sauti ya Baba, kijana kuliko nilivyowahi kumsikia: moja, mbili, tatu. Anajaribu mashine. Moja, mbili, tatu. Nyuma yake kuna cherehani inakwenda, inasimama, inakwenda. Baba anataja tarehe, anataja siku, anasoma kwa sauti kitu kinachosikika kama maelekezo ya kutumia redio, anakosea, anarudia. Cherehani inasimama. Kinapita kimya kidogo, kisha sauti ya Mama kutoka mbali, upande wa pili wa chumba ambacho hakipo tena:

"Unaongea na nani?"

Baba hamjibu. Anacheka. Anasikika akicheka kwa muda, karibu sana na maikrofoni, na Mama naye anaanza kucheka bila kujua anachekea nini, halafu cherehani inaendelea.

Dada alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe cha kusimamisha. Hakukibonyeza. Tukaiacha iende mpaka uso wa kwanza ukaisha na kitufe kikajiruka chenyewe, kisha akaitoa, akaigeuza, akairudisha ndani.